Siku baba yangu alipoitwa na Chama kwa sababu sauti yangu iligoma kutoka

Wakuu, salamu popote mlipo. Mimi ni bibi wa wajukuu wanne, mzaliwa wa Lubumbashi, na haya ninayoyaandika sijayatia chumvi hata punje.

Nimeona vijana humu wakieleza habari za depression na anxiety, halafu wazee wenzangu wanawacheka eti ni magonjwa ya simu. Sisi simu hatukuwa nazo, na tuliugua vilevile.

Ilikuwa enzi za Zaïre, nchi ya chama kimoja tu, tukikiita Chama. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha shaba cha serikali, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni. Kazi ikienda, nyumba nayo inaenda.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ugonjwa uliponianza. Bukari, ndio ugali wetu, haikupita kooni. Asubuhi moyo unaenda mbio na viganja vinalowa jasho, na hakuna anayenifukuza. Nikitoka shule nalala nimeelekea ukuta.

Mama alisema ni uvivu. Shangazi alisema nimelogwa, akaniogesha majani mpaka nikanuka mboga. (Chekeni tu, hata mimi nacheka leo.)

Balaa ni kwamba nilikuwa na sauti nzuri. Shuleni wakanichagua kuongoza animation, yaani zile nyimbo na ngoma za kumsifu Guide, kiongozi wa nchi. Mimi natoa mwito, shule nzima inaitikia.

Siku moja akaja mgeni mkubwa wa Chama. Nikasimama mbele na kitenge kipya, uwanja mzima unanisubiri.

Sauti haikutoka.

Maneno niliyajua yote. Nikabaki namtazama mgeni na yeye ananitazama. Na wakati ule, kunyamaza mbele ya mtu wa Chama haikuwa aibu tu, ilikuwa siasa.

Kesho yake mchana baba akaitwa kwenye kamati ya Chama ya mtaa, aje na mimi. Njiani alitangulia, mimi nyuma yake. Nilijua nimeshatufukuzisha nyumba. Niliomba ardhi inimeze, na sikuwa natania.

Mwenyekiti akauliza (Citoyen ni mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana), "Citoyen, nani anafundishaka mutoto wako kunyamazia Guide?"

Baba, mtu ambaye hata jino likimuuma hasemi, akasimama.

"Hakuna, Citoyen. Mutoto iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini? Si anasimama?"

"Ya roho. Iko na woga, iko na huzuni, miezi mingi. Analiaka mu choo, anawaza hatumusikie. Mi na mama yake tunamusikiaka. Tunajifanya sawa vile hatusikie. Kama kuko mwenye makosa, ni mie."

Wakuu, nilidhani ile siri ni yangu na nzi wa chooni! Nikaangua kilio palepale mbele ya kamati. Sauti ikapatikana.

Mwenyekiti akakuna kichwa. Akasema nitolewe kwenye animation, nipelekwe dispensaire, yaani zahanati, na baba arudi kazini. Yakaisha hivyo.

Muuguzi wa kule hakuwa na dawa ya maana, ila aliniuliza maswali na akangoja nijibu. Sikupona siku hiyo. Ilichukua miaka, na hadi leo zipo asubuhi moyo unanikimbia.

Lakini jioni ile nilikula sahani nzima ya bukari. Mama akakaa kando yangu, akasema, "Tulikuwa tunaogopa, mwana wangu." Kumbe hawakunichukia kama nilivyodhani! Jamani, sijawahi kupata nafuu kama ile.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto anayejificha kulia mara nyingi anasikika. Kasoro ni sisi tunaosikia tukaongeza sauti ya redio. Ukisikia, gonga mlango, hata kama hujui utasema nini.

Nanyi je? Kuna aliyewahi kugongewa? Kuna aliyesikia akapita zake?

Na kama wewe unalia sasa hivi ukisoma hapa, andika hata neno moja tu. Nakusikia.