Picha ya Mama Niliyoifuta Kila Jumapili

Mama mdogo alifungua kabati la marehemu dada yake, akalifunga haraka, akanifuata jikoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako yumo kabatini."

Nikamwangalia. Tulikuwa tumemzika mama wiki ile ile, na mama mdogo alikuwa hajala cha maana wala kulala. Nikasema moyoni, basi, na huyu naye anatutoka.

"Kaa kwanza, mama mdogo. Nikuletee maji."

"Maji ya nini? Nimekwambia yumo. Na si mmoja, wako wengi."

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo, lakini hapo nilishtuka. Nikaweka kikombe chini, nikamfuata chumbani.

Kabla sijafungua hilo kabati, niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtanielewa.

Mimi ni mchoraji. Nachora nyuso za watu kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa cha turubai. Ile picha ya mwanzilishi wa shule inayotundikwa ofisini, mzee kakunja uso na tai imembana, hiyo ndiyo kazi yangu. Siku hizi wananiita hodari. Zamani waliniita mvivu, na aliyekuwa akinitetea ni mama peke yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na pembeni palikuwa na kioo kirefu ambapo wateja walijitazama. Baba simkumbuki. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na vipande vya nyuzi vilivyong'ang'ania soksi zetu.

Nilipoanza kujifunza sikuwa na mtu wa kumchora. Watu hawapendi kukaa tuli. Mama alikubali, akakaa kwenye kiti chake huku anashona vifungo kwa mkono, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji kusogeza kichwa.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mchora mabango, mdomo wake mchungu kuliko dawa. Picha yangu ya kwanza ya mama aliitazama, akauliza, "Huyu aliungua?"

Nilikuwa nimetumia rangi nyeusi, kwa sababu mama ni mweusi. Hesabu rahisi, au siyo? Mwalimu akanipokonya ile tyubu ya rangi akaitia mfukoni.

"Nenda kamtazame tena. Ukiona nyeusi usoni kwa mama yako, uniite."

Nikaenda nikamtazama. Niliona kahawia za kila namna. Niliona zambarau chini ya macho, kijani karibu na mdomo, na kwenye paji la uso buluu hafifu iliyotoka dirishani. Nyeusi sikuiona hata kidogo. Ile tyubu mwalimu hajanirudishia mpaka leo.

Akanifundisha na jambo jingine. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Ukikosea na ukaendelea kung'ang'ania, rangi inajaa, brashi inateleza, kila unachogusa kinakuwa tope. Wengine wanakwangua kwa kisu. Yeye alikataza kisu.

"Bandika gazeti juu yake," alisema. "Lipapase kwa kiganja, halafu livute taratibu. Litaondoka na rangi yote ya ziada. Turubai litabaki na kivuli cha uso, na juu ya kivuli hicho ndipo unaanza upya."

Gazeti likivutwa hivyo linatoka na uso mzima, ila umegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Mimi sikuwa nayatazama hayo magazeti. Nani anatazama takataka?

Basi utaratibu wetu ukawa huo. Nachora, nikimaliza namgeuzia mama turubai. Yeye anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, anavaa tena, anainamisha kichwa.

"Si mimi, baba," anasema.

Mama aliniita baba, kwa kuwa nilirithi jina la baba yake.

"Kwa nini si wewe?"

"Huyu mama ana hasira. Nani kamuudhi?"

Siku nyingine, "Huyu shingo yake inakwenda wapi?" Siku nyingine tena, "Mwanamke mzuri, sikatai. Lakini simjui. Umemtoa wapi?"

Tunacheka. Nabandika gazeti, napapasa, navuta. Nikitaka kulitupa ananizuia. "Niachie hapo, nitawashia jiko."

Kusema kweli, mwanzoni alikuwa na haki. Picha zilikuwa mbovu. Nilikuwa nachora macho kama vifungo viwili na mdomo kama mshono. Lakini kila "si mimi" ilinirudisha kwenye uso wake, na uso wake ndio ulionifundisha kazi. Nilijifunza kwamba kope la mtu lina unene wake. Nilijifunza kwamba kivuli cha pua kina joto. Alikuwa na alama ya kushonwa juu ya jicho la kushoto, ya tangu utotoni, na hiyo alama ilinisumbua kuliko mtihani wowote.

Nikapata wateja. Nikahama, nikapanga chumba upande wa pili wa mji chenye dirisha kubwa, nikakifanya cha kazi. Hapo mambo yakaninyookea. Mkurugenzi huyu anataka picha, mstaafu yule anataka picha, na wote wananikalia mara mbili tatu, naimaliza, wanaondoka wanatabasamu.

Mama tu ndiye aliyenishinda.

Na mimi nikawa mbishi. Nikajiapiza kwamba lazima nimpate. Kila Jumapili nilivuka mji na sanduku langu la rangi. Turubai nililiacha kwake, limesimama kwenye stendi pembeni ya cherehani. Katikati ya wiki akipiga simu nilikuwa namwambia niko kazini mama, tutaongea Jumapili, na Jumapili sikuikosa. Nilikuwa nafika asubuhi, ananipikia, tunakula, tunakaa. Mimi nachora, yeye anashona vifungo na kunipa habari za mtaa, nani kaoa, nani kaachika, mteja gani kanenepa na hataki kuambiwa.

Jioni anavaa miwani. "Umekaribia, baba. Lakini bado si mimi."

"Mama, unaniua."

"Utanipata tu. Jumapili ijayo."

Nilikuwa narudi nimechoka, kichwa kinapata moto, najiuliza kasoro iko wapi. Uwiano uko sawa. Rangi iko sawa. Hata mwalimu alipokuja siku moja kutazama, hakutaja kosa hata moja, na mwalimu wangu si mtu wa kukosa la kukosoa. Akasema tu, "Sikiliza anachosema mama yako."

Halafu mama akaanza kuumwa.

Mwanzoni alificha. Nguo zilianza kumpwaya, akazipunguza mwenyewe kwa cherehani yake ili nisijue. Lakini mimi kazi yangu ni kutazama nyuso. Nilimwona akipungua Jumapili kwa Jumapili. Mashavu yaliingia ndani, ile zambarau ya chini ya macho ikashuka. Kila nilichochora wiki hii, wiki ijayo hakipo tena. Nikawa nakimbizana na uso wa mama yangu, na uso ulikuwa na kasi kuliko mimi.

Nilitaka kitu kimoja tu: nimpate kabla hajaondoka. Nilikuwa nimechora mji mzima. Mama hakupenda kupigwa picha, alikuwa na ile ndogo ya kitambulisho peke yake, iliyofifia. Kama angekufa bila mimi kumaliza, angekuwa hana uso popote.

Jumapili ya mwisho hakuweza kukaa kwenye kiti. Mama mdogo alikuwa amehamia pale kumuuguza, akamwegemeza kitandani kwa mito. Nikahamishia stendi chumbani. Hakukuwa na vifungo siku hiyo, mikono yake ililala juu ya shuka.

Nilichora nikiwa nalia. Lakini nilichora nilichokiona. Nikamgeuzia turubai. Akatazama bila miwani.

"Huyu ndiye mimi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ni mimi, baba. Umenipata. Maliza sasa ukapumzike."

Nikatazama turubai. Niliona mdomo umelegea upande mmoja. Niliona ngozi imepoteza buluu yake. Niliona mgonjwa. Miaka yote hiyo ya kukataliwa, halafu aniambie huyu ndiye? Sikukubali. Nilijua anasema hivyo kwa kunihurumia, na mimi sikutaka huyo awe ndiye mama atakayebaki.

Nikachukua gazeti nikalibandika.

"Hata leo?" aliuliza.

"Bado, mama. Jumapili ijayo utakuwa na nguvu, nitakupata vizuri."

Alinitazama. Halafu akatabasamu kwa ule mdomo uliolegea.

"Haya. Jumapili."

Nikalivuta gazeti, nikaliacha juu ya kiti, nikamfunika vizuri miguu, nikaondoka.

Alhamisi alifariki.

Sasa turudi kwenye kabati.

Nililifungua. Lile kabati lilikuwa na ufito wa kutundikia nguo za wateja zilizokamilika. Nguo hazikuwepo. Kwenye kila kiango cha nguo kulikuwa na gazeti, limebanwa kwa vibanio vya nguo, limenyooshwa kwa adabu kama gauni la harusi. Na kwenye kila gazeti alikuwepo mama.

Mama mwenye macho ya vifungo. Mama mwenye shingo ndefu. Mama mwenye hasira. Wino wa habari za zamani ulipita katikati ya mashavu yake. Nikasukuma viango kimoja kimoja, na kadiri nilivyosukuma ndivyo picha zilivyozidi kuwa nzuri, na yeye akazidi kuzeeka. La mwisho lilikuwa bado lina unyevu, na sijui mama alipata wapi nguvu ya kuinuka kulitundika. Harufu ya mafuta ilinipiga usoni nikakaa sakafuni.

Eti alikuwa anawashia jiko. Jamani, mama alikuwa na jiko la gesi. Nimekula chakula cha jiko lile kila Jumapili, na sikuwahi kujiuliza.

Nikayatazama yale magazeti muda mrefu. Ile alama ya jichoni ilikuwa imehamia upande mwingine, vile ambavyo mama alikuwa akijiona kwenye kioo. Hapo nikadhani nimeelewa kila kitu. Nikamwambia mama mdogo, huku moyo ukitulia kidogo, "Unaona? Mimi nilimchora tunavyomwona sisi. Yeye uso wake aliujua kwa kioo. Kwenye turubai alikuwa anamwona mgeni, kwenye gazeti ndipo alijiona. Ndiyo maana alikuwa anakataa."

Mama mdogo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akatikisa kichwa.

"Hayo ya kioo ni yako, mwanangu. Dada yangu amesimamisha watu mbele ya kioo maisha yake yote, akiwapima mabega. Hajui kioo kinageuza?"

"Sasa kwa nini alikataa?"

Alichezea upindo wa shuka. Akaniambia kwamba ule mwaka niliohama, mama alimpigia simu Jumapili moja jioni, mimi nikiwa nimeshaondoka. Alikuwa na furaha mpaka maneno yanamgongana. Alisema, mwanao amenichora leo, ni mimi mtupu, mpaka alama.

"Nikamuuliza, umemwambia? Akasema hapana."

"Kwa nini?"

"Alisema, nikimwambia ni mimi, atamaliza. Akishamaliza atakuja kufanya nini?"

Mama mdogo aliendelea taratibu.

"Mimi nilimwambia aache utani. Lakini naona hakuacha."

Nililia kwa sauti, mtu mzima, nimeshika pindo la gazeti. Miaka yote nilidhani natafuta uso. Yeye alikuwa ananitafuta mimi. Na siku aliyoamua kuniachia, siku aliyosema ukweli, mimi ndiye niliyemwambia bado. Nilimwambia bado mtu ambaye hakuwa na Jumapili nyingine.

Turubai lile sasa liko kwenye chumba changu cha kazi, na yale magazeti nimeyatundika humo pia. Lina kile kivuli tu, gazeti lilichokiacha: tundu za macho, mstari wa shavu, mdomo uliolegea kidogo. Mdomo ule nimeutazama sana. Haukuwa na kasoro yoyote. Ulikuwa unakaribia kutabasamu.

Wateja wakiliona wananiuliza mbona sijaimalizia kazi nzuri namna hii. Mwalimu pekee hakuuliza. Alikuja, akasimama mbele yake, akavua kofia, akaenda zake.

Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kuna mtu anayekuzungusha na kazi isiyokwisha, leo bomba, kesho taa, keshokutwa uje unitazamie ile redio, nenda. Usimwonyeshe kwamba redio ni nzima. Kaa, ule chakula chake, usikilize nani kaoa na nani kaachika. Huenda redio haijawahi kuharibika hata siku moja.

Mimi Jumapili zangu bado sina miadi na mtu. Asubuhi nachanganya rangi, bila nyeusi, naweka kiti mbele ya stendi, naketi na mama. Nachora kidogo tu, pengine kope, pengine ile alama. Jioni nabandika gazeti, napapasa kwa kiganja, navuta taratibu, nalitundika likauke pamoja na mengine.

Mama mdogo ananipigia simu kila Jumapili jioni. "Vipi, umemmaliza?"

"Bado, mama mdogo," namwambia. "Bado si yeye."