Ndege ya Fundi wa Mashua

Sanduku lilitoka Ubelgiji, kwa dada yangu, limezungushiwa utepe wa gundi mara nyingi hata mama akalifungua kwa kisu cha vitunguu. Ndani hamkuwa na ndege. Kulikuwa na vijiti vya ubao mwepesi kama mkate mkavu, mbavu nyembamba zilizokatwa tayari, mota mbili za umeme ambazo kila moja ilienea kiganjani, rimoti, na kitabu cha maelezo kwa Kifaransa. Kwenye simu dada aliandika: ni ya baba, wewe usijifanye ni yako.

Tulijua kwa nini aliituma. Baba alikuwa fundi wa injini za mashua bandarini tangu kabla hatujazaliwa. Mashua za Kigoma na za Kongo alizitambua kwa kikohozi cha injini zake, kabla hazijaonekana. Kisha zikaja injini zinazosomwa kwa kompyuta, na tajiri wake akamwambia, kwa adabu nyingi, apumzike. Baba akarudi nyumbani, mtaani kwetu Buyenzi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, akasema hatagusa injini tena. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotutia hofu. Majirani walimletea pikipiki, wakamletea jenereta. Aliwaelekeza kwa vijana wa mtaa wa pili. Miezi ikapita akiwa barazani, mikono safi juu ya magoti.

Nilitaka kitu kimoja tu: mikono ile ichafuke tena.

"Iyi ni kitu ya watoto," alisema alipoona mbavu za ndege mezani.

Basi nikaanza kuijenga mwenyewe, vibaya, mbele ya macho yake. Siku mbili alivumilia. Siku ya tatu aliniambia kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka sana, akiniita mama kama alivyozoea, "We mama, iyo ubavu umeweka kichwa chini."

"Nionyeshe, baba."

"Apana. Nasema tu."

Nikauacha vilevile, nikachukua mwingine, nikaupindua nao. Kiti kilikwaruza sakafu. Akaja, akaninyang'anya gundi.

Nikiyakumbuka majuma yale, siku hazitengani. Ni mchana mmoja mrefu, baada ya swala ya alasiri, mvua ikipiga mabati kisha ikiacha, na bawa likiota polepole juu ya meza ya kulia. Mimi nilisoma Kifaransa na kukigeuza Kiswahili, yeye alifunga. Hakupenda kitabu kimtangulie. Nikisema "sasa kipande namba kumi na nne", tayari alikuwa amekishika. Wakati mwingine aliacha kufunga akatazama mbavu zilizo wazi, mwanga ukipita katikati yake na kuanguka mezani kwa mistari, nami nilihisi kwamba tulikuwa tumekaa ndani ya kitu kinachopumua.

Plastiki ya manjano ya kufunikia mabawa ilipaswa kubanwa kwa pasi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo tukatumia pasi ya mama, ile ya makaa. Baba aliipeleka juu ya bawa kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, akipuliza majivu kila hatua. Plastiki ilijikunja, ikatetemeka, kisha ikajinyoosha ikawa ngozi.

"Mzee," mama alisema akipita na sufuria ya maharage, "iyi ndege itakupeleka Makka, ao itaishia apa kwenye meza yangu?"

"Itaanza na weye. Nikurudishe kwa mama yako."

"Ikunywe mafuta ya kutosha basi. Kule ni mbali, na mi ni muzito."

Baba akacheka. Nikainamia kitabu nisije nikaonekana ninavyofurahi.

Ugomvi wetu mmoja ulikuwa juu ya mota. Kitabu kilisema pangaboi la kushoto na la kulia yazunguke kuelekeana, kwa ndani. Baba akatikisa kichwa. Mashua yenye injini mbili, alisema, elisi zake, yaani pangaboi za majini, zinazunguka kwa nje. Ndivyo inavyotii usukani.

"Lakini hii si mashua, baba."

"Nani aliandika iyo kitabu? Alishafika ku ziwa?"

Kila mota ilikuwa na nyaya tatu. Ukibadilishanisha mbili, mota inazunguka upande wa pili. Akazibadilisha kwenye mota zote mbili. Kisha akafumba macho akasikiliza mota zote mbili pamoja, akasema ya kushoto inaimba chini kidogo, na kwa rimoti akaipandisha mpaka sauti zikawa moja. Tulizijaribu hivyo, bila pangaboi, kwa sababu mama alikataa visu vizunguke nyumbani mwake.

Jumamosi moja asubuhi tuliipeleka ufuoni Kajaga, ndege ikiwa imelala mapajani mwangu ndani ya teksi, imefunikwa kanga. Ziwa lilikuwa kimya na jeupe. Milima ya Kongo ilielea ng'ambo bila miguu. Wavuvi walikuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mmoja mmoja wakaacha kazi wakaja kusimama. Tuliiweka ndege mahali ambapo mchanga ni mgumu. Baba akasema bismillahi, akasukuma kijiti cha rimoti kwa kidole.

Mota zikalia vizuri kabisa. Ndege ikatetemeka, ikajikusanya, ikaanza kurudi nyuma.

Wavuvi wakatazamana. Kisha ufuo mzima ukacheka.

"Mzee, umeweka marche arrière, inaenda kinyumenyume!"

"Iko inaogopa mazi ya ziwa!"

"Iache, iko inarudi Ulaya kwenye walitengenezaka!"

Baba akaizima. Uso wake ulijifunga kama mlango, na niliujua uso huo. Ndio aliorudi nao kutoka bandarini. "Tuende nyumbani," akasema. Nilijua tukiingia teksi hivi, hatainuka tena kwenye kile kiti.

Lakini alipoinama kuiokota, mkono wake ulipita mbele ya pangaboi, akasita. Akaziwasha mota kidogo tu, akaweka kiganja mbele, kisha nyuma. Upepo ulikuwa ukitoka mbele. Akakaa chini mchangani kwa suruali yake ya Ijumaa.

"Mi ni mupumbavu," akasema taratibu, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Nilibadilisha mota, sikubadilisha elisi. Mashua ningefanya ivi, boss angenitupa mu mazi."

Akafungua mapangaboi yote mawili, ambayo yalikuwa yamepindwa kwa pande tofauti. La kushoto akalipeleka kulia, la kulia kushoto. Nyaya za mota hakuzigusa. Mota ziliendelea kuzunguka kwa nje, kama za mashua.

Safari hii ilikimbia mbele, ikaruka kijishimo, na ghafla hapakuwa na mchanga chini yake. Ilipanda ikiwa ya manjano juu ya weupe ule wote, na sauti zake mbili zikiwa moja. Hakuna aliyecheka. Ilikaa hewani kwa muda unaotosha kusoma Alhamdu polepole. Baba alijaribu kuigeuza, ikainama upande mmoja, ikashuka, ikakaa juu ya maji mbali na ufuo kama bata aliyechoka.

Mvuvi mmoja aliruka ndani ya mtumbwi wake wenye injini akaifuata. Akairudisha ikichuruzika, akanipa mimi, akamgeukia baba. "Mzee, ni weye ulitengeneza?"

Baba alikuwa ameinamisha sikio kuelekea mtumbwi, ambao injini yake ilikuwa bado inaunguruma, ikikatika, ikiunguruma.

"Tangu lini inalia ivi?"

"Wiki mbili. Vijana walisema ninunue ingine."

"Wanakudanganya. Zima. Una ufunguo wa kumi?"

Mvuvi akatafuta chini ya nyavu, akatoa spana yenye kutu. Baba akakunja suruali, akaingia ndani ya maji mpaka magotini, akafunua injini. Nilimsogelea majini, nikauliza nifanye nini na ndege.

"Songa kidogo," akasema, mkono ukiwa umezama ndani ya injini mpaka kwenye saa. "Unanizibia mwangaza."