Maonyo ya Sanaa

Ofisi ya elimu imetangaza, kwa kauli isiyo na kona, kwamba sanaa ni moyo wa shule ya msingi, na kwamba mtoto asiyechora amefundishwa nusu. Kwa hiyo shule yoyote itakayoshindwa kuwaleta wazazi kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi itaondolewa kipindi hicho, ili moyo usiendelee kupiga bure.

Mwalimu wa sanaa, ambaye watoto humwita Bi Rangi kwa sababu kucha zake hazijatakata tangu aajiriwe, alilisoma tangazo hilo kwenye ubao wa chumba cha walimu. Hakuwa na somo jingine. Kipindi kikiondoka, angeondoka nacho.

Akaenda kwanza makumbusho, peke yake, kumwomba mlinzi awaruhusu watoto wakae sakafuni wachore.

"Wakae, mwalimu. Ila wasiguse, wasikimbie, wasipumulie vioo."

"Hata kupumua?"

"Wapumue kwa adabu."

Wiki iliyofuata akawapeleka darasa la nne. Walilala kifudifudi mbele ya chungu kikubwa kilichovunjika kikaungwa, ndimi nje, penseli zikikwaruza. Binti wa seremala akainua kichwa.

"Mwalimu, na ufa nao tuuchore?"

"Uchore. Umo kwenye kiingilio."

Kitambaa cha kubandikia picha hakikuwepo. Mama yake Bi Rangi, ambaye anaishi naye, alipanda kwenye stuli akashusha mapazia ya sebuleni.

"Mama, majirani si watachungulia?"

"Waone nini, mwanangu? Ufukara wetu wameshauzoea. Shika mkasi."

Ikabaki kuwaita wazazi. Namba zao zote zilikuwa kwenye simu ya mwalimu wa nidhamu, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Bi Rangi akamtajia maneno, naye akaandika kwa kidole gumba, akiwa na chai mkono wa pili. Simu ile, iliyoizoea kazi ya bwana wake, ikammalizia neno kabla hajalifikia. Wazazi wote wakapata ujumbe: *Unatakiwa kufika shuleni Ijumaa bila kukosa kwa ajili ya maonyo ya mwanao.*

Ijumaa ukumbi ukafurika. Bi Rangi, aliyekuwa hajalala vizuri tangu tangazo litoke, nusura alie kwa furaha. Kisha akaona kwamba kila mzazi ameingia akiwa amemshika mwanawe mkono, tena si kwa mapenzi. Mama mmoja alikuwa ameshika sikio.

"Mwalimu, huyu kafanya nini?" Seremala, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi, alimvuta bintiye mbele ya picha.

"Amechora chungu."

"Cha nani?"

"Cha makumbusho."

Seremala akauona ufa. "Na amekivunja!"

"Kilivunjika zamani, baba. Kabla yako na yangu."

"Kumbe anasingiziwa?"

"Baba, mimi sikugusa hata kioo," binti akasema, na machozi yakamtangulia.

Bi Rangi akapanda juu ya kiti. "Ndugu wazazi! Ni maonyesho! Si maonyo!"

"Usiwafiche, mwalimu!" sauti ikatoka nyuma. "Mwenye kosa aonywe, twende zetu kazini!"

Kofi likasikika. Mtoto akalia, wa pili akampokea, na kilio kikatembea ukutani picha hadi picha. Bi Rangi akashuka, akamkamata mwalimu wa nidhamu kwenye mkono wa shati.

"Waambie umekosea. Nakuomba. Wewe watakusikia."

Yule akaitia simu yake mfukoni. "Mimi sikukosea. Imekosea simu."

"Basi waambie simu imekosea!"

"Mbele ya afisa?"

Gari la afisa elimu lilikuwa limeshaingia getini. Mwalimu wa nidhamu akapuliza filimbi, nao watoto wakanyamaza papo hapo, wakaweka mikono nyuma. Wazazi pia, kwa mazoea ya utotoni, wakaweka mikono nyuma.

Afisa akasimama mlangoni. Ukumbi umejaa, kimya, hakuna hata anayekohoa. Akatembea mbele ya vyungu vyote bila kugeuza shingo. Alikuwa akiwatazama wazazi.

"Tangu nianze kazi hii sijaona mwitikio kama huu. Nani amewaita?"

"Mheshimiwa," Bi Rangi akasema, "kuna kosa lime…"

"Makosa hayakosekani, mwalimu. Nauliza, nani amewaita?"

Mwalimu wa nidhamu akasafisha koo. "Ujumbe ulitoka kwangu, mheshimiwa." Na huo, kwa haki, ulikuwa ukweli mtupu.

Afisa akampa mkono.

Kipindi cha sanaa hakikuondolewa. Kipo kwenye ratiba, palepale, na kinafundishwa na mwalimu wa nidhamu.