Mtaro wa Nusu Saa

Kazi yoyote ukimpa, atakuambia ni ya nusu saa. Ndiyo maana kiwandani, mtaani, hata mama yake mzazi, wote wanamwita Nusu Saa. Mlango wa choo aliutengeneza kwa nusu saa, na mpaka leo ukitaka kuufunga sharti uunyanyue kidogo na kuubembeleza.

Safari hii ilikuwa zamu ya banda la uani, anamoshonea mkewe. Mvua ikinyesha, maji yote ya paa humwagika mlangoni na kuingia ndani. Na wiki ile juu ya cherehani lilikuwepo gauni la harusi la dada yake Nusu Saa, jeupe pe, lenye mkia wa kufagia sakafu. Mawingu yalishaanza kujikusanya.

"Tumwite fundi," mke alisema, mtoto mgongoni, pini mdomoni.

"Fundi wa nini na mimi nipo? Gata ya kukinga maji ya paa, bomba, mtaro, shimo la mawe kule chini. Nusu saa!"

Alichimba kutwa. Kila mara mke alipoinua macho kutoka kwenye pindo, aliona jambo. Karibu na banda udongo ni laini. Mume anazama mpaka magotini huku akiimba. Kule shimoni kuna kokoto. Wimbo unakatika, jembe linaparuza juujuu tu. Alitaka kusema, lakini alivyomwona amefurahi akameza maneno, nusura ameze na pini.

Bomba likalazwa, likafukiwa. Nusu Saa akapanda stuli, akamimina ndoo ya kwanza kwenye gata. Mama yake alikuwa ameketi kando ya shimo kushuhudia.

"Mama, yamefika?"

"Bado."

Akamimina nyingine. "Na sasa?"

"Mwanangu, huku hata sisimizi hajalowa."

Ya tatu. "Mama?"

"Labda yamepitia kwa shangazi yako kusalimia."

Yalikuwa yamerudi. Yalibubujika pale bomba la ukutani lilipoungana na la chini, yakaruka kizingiti. Mke akalinyakua gauni na kulitupia begani. Mkia ukamfunika mtoto mgongoni, akawa bibi harusi.

"Baba watoto! Yamefika, lakini huku!"

Kule shimoni, bibi yake mtoto alicheka mpaka akashika mbavu. Nusu Saa akakaa kwenye tope.

Mke akachuchumaa kando yake. "Kule kwenye kokoto ndiko pa kushuka zaidi."

"Uliliona hilo?"

"Niliona."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa unaimba."

Wakafukua. Bibi akampokea mtoto, Nusu Saa akashika sururu, akazipiga kokoto bila wimbo. Bomba likalazwa upya, likishuka vizuri, na kabla hawajamaliza kufukia, mvua ikaanguka.

Bibi alisimama kule chini na mwavuli, mjukuu kifuani. "Yamefika! Tena yanakuja mbio!"

Bandani cherehani ililia tena. Sakafu kavu, pindo linamalizika. Nusu Saa akajitokeza mlangoni, tope mpaka masikioni.

"Si nilikwambia? Nusu saa."

"Ndiyo, mume wangu," mke alisema bila kuinua macho. "Ila rudi nyuma kidogo, unalichuruzikia gauni."