Ornella Hamfichi Jaji Wala Mraibu

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, katika jiko la nyumba ya tiba ya Valdorica, Ornella Piergentili anasukuma beseni la viazi mbele ya kijana aliyekaa mkabala naye na kumpa kisu. Kisha anavaa miwani, anakunjua karatasi na kuanza kusoma kwa sauti.

"'Kwa Mheshimiwa Jaji. Moreno Cingolani, miaka thelathini na mmoja. Kipimo chake cha mkojo cha Jumapili jioni kimeonyesha pombe.'"

Moreno anaacha kumenya.

"Menya," anasema Ornella bila kuinua macho. "Unasikia kwa masikio, husikii kwa kisu."

Valdorica ina wakazi kumi na wanane, na kumi na mmoja kati yao wameletwa na mahakama. Badala ya kumalizia vifungo vyao gerezani wanatibiwa uraibu hapa, katika vilima vya Marche, Italia. Wanakama kondoo, wanatengeneza jibini, na hawavuki geti bila ruhusa. Simu hawana. Kila baada ya wiki mbili jaji hupelekewa ripoti ya kila mmoja, na ripoti mbaya inatosha kumrudisha mtu selo.

Kwa miaka ishirini na mitatu mwandishi wa ripoti hizo amekuwa Ornella, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, ambaye pia ndiye mpishi na mkaguzi wa vifurushi vya wageni. Analipwa euro elfu moja na mia nne kwa mwezi. Hakuna aliyemwagiza kufanya analolifanya: ripoti yake haitoki ndani ya nyumba hiyo kabla mwenyewe hajasomewa, neno kwa neno.

"Mtu akisemwa kisogoni anajua tu," anasema. "Hawa wamesemwa na polisi, wamesemwa na majirani, wamesemwa mpaka kanisani. Mimi nikiwasema, wanisikie."

Wakazi humwita shangazi, na wanamwogopa. Fausto, aliyepona hapa miaka tisa iliyopita na sasa ndiye fundi wa jibini, anacheka akimwelezea.

"Gerezani ukimdanganya askari, anakuandika vizuri na maisha yanaendelea," anasema. "Huyu ukimdanganya anakukalia mbele, anakuangalia unavyokula. Chakula chote kinageuka mchanga! Afadhali gereza."

Asubuhi hii hakuna anayecheka. Alhamisi Moreno atasimama mbele ya jaji aliyetarajiwa kumruhusu arudi kwao Julai, akamalizie kifungo nyumbani kwa mama yake huku akifanya kazi katika karakana ya viatu ya mjomba wake. Alifungwa kwa kuvunja maduka ya dawa akitafuta chochote cha kutuliza arosto, yale maumivu ya mraibu aliyekosa dawa. Sasa ana miezi kumi na minne bila heroini, na karatasi moja yenye neno "pombe" inaweza kumrudisha nyuma ya nondo.

Pombe yenyewe ilikuja kwenye sinia. Jumapili mama yake, Iolanda, alileta pichi za unga: kila moja ni biskuti mbili za duara zilizounganishwa kwa krimu na kupakwa rangi nyekundu hadi zifanane na tunda. Rangi hiyo hutokana na pombe tamu ya viungo. Katika vilima hivi hakuna ubatizo wala harusi isiyo na pichi hizo, na watoto wa miaka minne huzila hadi mashavu yawe mekundu. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba amempa mtoto pombe, atakushangaa.

"Ile ni rangi," Iolanda alilia kwenye simu. "Mama yangu alipaka, bibi yangu alipaka. Jamani, mimi nimpe mwanangu pombe?"

Aliyeikagua sinia ni Ornella. Siku hiyo alipasua kila mkate na kupapasa mishono ya kola za mashati, akimtafuta adui mahali alipomzoea.

"Zile pichi nikaziona kwa macho yangu mawili," anasema, akijipiga paji la uso. "Nikamwambia, eeh, Iolanda, leo umejitahidi! Halafu nikala moja. Mimi mwenyewe nimekula!"

Padri Egidio, mkurugenzi wa nyumba, alijaribu kumwokoa. Alimshauri aandike kwamba chanzo bado kinachunguzwa.

"Chanzo nakijua, Padri," Ornella alimjibu. "Chanzo kimevaa aproni."

Ndivyo ilivyoandikwa katika karatasi anayoisoma sasa: kosa la kupitisha sinia ni lake, na bodi ya nyumba ikitaka kumwachisha kazi, iwe hivyo.

"Wee shangazi, una wazimu?" Moreno anaruka. "Utamwaga unga kwa ajili ya biskuti! Andika nilikunywa. Mimi kupigwa nimezoea."

"Ulikunywa?"

"Sikunywa."

"Basi kaa. Viazi havijaisha."

Anakaa. Anamenya kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha anasema kwa sauti ya chini:

"Niliijua."

"Uliijua nini?"

"Lile tonge la kwanza. Niliisikia kwenye ulimi, nikajua. Nikaimaliza. Nikachukua mbili nyingine, nikaenda kuzila chooni, mlango nimeufunga."

Ornella anavua miwani. Baadaye atakiri kwamba moyo ulimwanguka. Kosa la mpishi mzee na biskuti za ubatizo lingemfanya jaji atabasamu, na Moreno angekwenda zake Julai. Lakini mtu anayejifungia chooni na kitu anachokijua amerudi kufanya alichokuwa akifanya zamani, hata kama safari hii ni keki.

"Niandike hilo?" anauliza.

Kijana anaendelea kukikwangua kiazi kilichomo mkononi hadi kinabaki na ukubwa wa gololi, na Ornella anamwacha.

"Andika," anasema hatimaye, na machozi yanamtoka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo kila mtu anaujua. Kuufuata, siku tatu kabla ya kusimama mbele ya mwenye funguo za maisha yako, kunahitaji moyo ambao wengi wetu hatuna. Ornella anachukua kalamu na kuuongeza mstari huo mwishoni, kisha anausoma tena kwa sauti.

Alhamisi, jaji aliisoma ripoti mara mbili. Akamuuliza Moreno kama anayajua yaliyomo.

"Nimesomewa, Mheshimiwa."

"Na huu mstari wa mwisho, nani alitaka uwemo?"

"Mimi."

Uamuzi haukuwa gereza, ila haukuwa Julai pia. Moreno atakaa Valdorica miezi kumi zaidi na kupimwa mara mbili kwa wiki. Ornella alipewa barua ya onyo na bodi, ya kwanza tangu aanze kazi, na ameikunja mfukoni mwa aproni.

Njiani kurudi, Moreno aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari.

"Miezi kumi," alisema.

"Kumi."

"Ungeuacha ule mstari mmoja, shangazi, ningetoka Julai."

"Ungetoka," Ornella alikubali. Kisha akasema jambo ambalo wakazi wengi wa Valdorica hawajawahi kulisikia kwake. "Kaka yangu Loris alitoka Julai."

Loris alikuwa katika nyumba kama hii, zamani, mkoa mwingine. Mfanyakazi wa pale alimpenda, kwani nani hakumpenda Loris? Mfanyakazi huyo alijua kwamba Loris ameanza tena kumtafuta aliyekuwa akimuuzia unga, akamwonea huruma, akaliacha hilo nje ya ripoti. Jaji akasoma karatasi nzuri.

"Tulimzika Agosti," Ornella alimwambia Moreno, "na yule mfanyakazi alikuja msibani. Alilia kuliko mama."

Moreno alinyoosha mkono na kumshika bega, na Ornella akaendelea kuendesha.

Alikuwa astaafu Oktoba. Ameomba asogezewe hadi Aprili, miezi kumi ya Moreno itakapotimia, ili ripoti ya mwisho aiandike yeye na kumsomea kijana huyo. Padri amekubali. Na Iolanda amealikwa jikoni kila Jumapili, apike hapohapo, pichi azipake juisi ya cheri.

"Shukrani sizihitaji," anasema Ornella, akifuta meza. "Nataka Agosti ije ipite, na nyingine ije ipite, na mimi nisiitwe msibani."