Nguo Zisizobakiza Vipande

Mama yangu alikata nguo bila kubakiza hata kipande cha kumfutia mtoto kamasi. Mimi najua, kwa sababu kufagia kulikuwa kazi yangu. Tulikaa Kitale, vyumba viwili, cherehani yake ikiwa pale dirishani karibu na kitanda. Akimaliza kukata gauni zima, nilifagia nyuzi tu, na unga wa kile kipande cha sabuni kavu alichochorea.

Ufundi huo aliupata kwa shangazi yake huko kwao Bungoma, enzi ambazo kitambaa kilikuwa kitu cha kuomba Mungu. Hakukata mviringo hata siku moja. Alichora mistari iliyonyooka, mwili hapa, mikono pale, vyote vikibanana kama mtu anayekata maandazi na hataki unga ubaki. Mraba uliotoka shingoni ulikuwa mfuko. Ukanda wa pembeni ulikuwa mshipi. Na kwa kuwa mikono ya gauni ilinyooka kama bomba, alishonea kwapani kiraka kidogo cha mraba ili mtu aweze kuinua mkono.

Kiraka hicho ndicho kilichonimaliza. Siku moja shuleni nikainua mkono kujibu swali, msichana wa nyuma akapayuka, "Ai, si kwapa la huyu liko na dirisha!" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo sikuinua mkono tena, hata jibu nikiwa nalo mdomoni. Nikaanza kujisifu ati nguo zangu zinanunuliwa dukani Eldoret. Uongo mtupu, na nilikuwa nimevaa jasho la mama yangu nikiusema.

Mwaka wa 2003, nikiwa darasa la nane, akina mama wa kanisa letu walinunua jora la kitambaa cha samawati wakampa mama awashonee sare. Hakuwahi kupata kazi kubwa hivyo. Wakiridhika wangempa na sare za kwaya, naye angekodi kibanda sokoni, aache kushonea pale tunapolala. Kwa wiki tatu alikiongelea hicho kibanda kila tukila. Hata rangi ya mlango alikuwa amechagua.

Sasa, kwetu kila mtu anajua mafundi hula vitambaa. Ukienda kuchukua nguo yako, unadai na vipande vyako, na fundi mwaminifu anakupa vimefungwa vizuri. Jumapili hiyo baada ya ibada mama aligawa magauni, kila moja limekunjwa kwenye gazeti. Vipande havikuwepo.

"Kazi ni nzuri, mama fundi," mwenyekiti wao akasema. "Na vipande?"

"Vyote viko ndani ya magauni, dada."

Wakacheka puani. Mmoja akasema, "Jora nzima bana! Hata ya kushonea mtoto kofia haikubaki?"

Mama akajaribu kueleza. Lakini alikuwa mtu wa kuonyesha, si wa kueleza, maneno yakamkwama. Ndipo akaniona nimesimama ukutani na gauni langu la Jumapili, lililokatwa vilevile. Uso wake ukang'aa. "Huyu ndiye hunifagilia! Njoo, mama. Inua mkono niwaonyeshe kila kitu kimetoka wapi."

Nyuma ya wale akina mama walikuwa wasichana wa darasa langu. Yule wa dirisha alikuwepo, ameshaanza kutabasamu. Nikabana mikono ubavuni.

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Vipande huwa vinaenda wapi, mwanangu?"

Nikasema, "Sijui."

Neno moja, jamani! Nililijua jibu kuliko mtu yeyote duniani, nililifagia kila siku, nikasema sijui. Mama alinitazama kidogo, kisha akaanza kuokota pini alizokuwa amefungia yale magazeti. Hakuna aliyemwita mwizi. Walikunja magauni yao, wakasema asante, wakaenda. Sare za kwaya zilipelekwa kwa fundi mwingine, na nilisikia wakimsifu, ati aliwarudishia vipande mfuko mzima.

Njiani mama hakuniuliza kitu. Alipika, akaniita nije kula. Afadhali angenizaba kofi. Kabla ya mwaka kuisha alipakia cherehani akarudi kwao Bungoma, nami mwaka uliofuata nikaenda shule ya bweni. Ile habari ya kibanda hatukuitaja tena.

Miaka sita ikapita. Nikapata kazi ya ukarani Bungoma mjini, na mshahara wa kwanza nikaununulia kitambaa, nikampelekea. Kuomba msamaha kulinishinda, miaka yote hiyo, mtu mzima mzima. Nikaona nijaribu kupitia kitambaa.

"Nikatie ile ya zamani, Mama," nikamwambia. "Ile ya kiraka kwapani."

Hakuinua macho. "Siku hizi sikati hivyo."

Nilirudi Jumamosi. Gauni lilikuwa zuri ajabu, kwapa limezunguka vizuri, shingo ya duara, hungelitofautisha na la dukani. Lilikuwa lile gauni nililolililia nikiwa msichana. Mama akalikunja kwenye gazeti. Juu yake akaweka mfuko wa nailoni, umefungwa fundo, umejaa vipande.

"Na vipande vyako ni hivi. Angalia kama viko vyote."

"Mama," nikasema, "mimi si mteja. Mimi ni mtoto wako."

"Najua," akasema. "Angalia tu."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema vile anavyomwambia kila mtu. Nikafungua fundo, nikavitoa kimoja kimoja juu ya meza, naye akasimama pembeni, mikono ameikunja, akingoja niseme kama vimetimia.