Mama Mkwe na Kibali cha Gari la Vilima

Nakubali, nilipiga kelele. Nilipiga kelele mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani, mbele ya mtaa mzima wa Ngamiani, tena nimemkumbatia mama mkwe wangu. Basi, nimesema. Lakini nisikilizeni mimi niliyekuwemo ndani ya lile gari, maana kisa hiki kinasimuliwa na watu ambao siku ile walikuwa kwao Pongwe wamelala, na kila mmoja anakitia chumvi yake.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa seremala, na si seremala wa kubahatisha. Niliona picha katika gazeti kuukuu la kizungu lililofungiwa misumari dukani, watu wamekaa ndani ya vigari wanaporomoka kwenye vilima vya mbao huku midomo wazi, nikasema hili hata sisi tunaliweza, kwa nini watoto wetu kila Idd ni pembea za kamba tu? Nikanunua reli chakavu za toroli kutoka shamba la mkonge, nikasimamisha boriti uwanjani, nikapiga mbao mpaka vikatoka vilima vitatu, cha kwanza kimepita mapaa ya nyumba, na gari la kuporomokea. Mji ukawaka! Wanawake walikwisha kuchagua kanga za kupandia, watoto walikwisha kupigana nani atakaa mbele, na mimi siwezi kwenda hata msikitini bila kuulizwa, "Fundi Athumani, kibali kimetoka?" kana kwamba kibali nimekikalia mimi.

Sasa kwenye karatasi ya kuombea kibali kulikuwa na swali moja la uchokozi: gari limejaribiwa na nani? Ukweli lilijaribiwa na magunia ya mchanga. (Mimi? Mimi hata ngazi ndefu sipandi, kule juu walipigilia vibarua, na sioni aibu kusema.) Nikawaza, nikiandika mchanga watanicheka, nikiandika watoto watanifunga. Idd imebaki siku nne. Nikaandika: "Limepandwa na mama mkwe wangu, Bi Zuhura wa Mwera, mtu mzima, akashuka salama huku anacheka." Maneno hayo tu! Mwera ni mbali, mpaka uvuke mto Pangani kwa kivuko, nani atakwenda kumuuliza?

Kumbe mke wangu, Mwanahamisi, alikwisha kumwita mama yake aje tule naye Idd, na mimi mwenye nyumba sikuambiwa. Bi Zuhura akafika kesho yake.

Kesho kutwa yake asubuhi, hodi mlangoni. Petro, karani wa ofisi ya vibali, kijana wa Kibondei mwenye sauti ya kuongozea kwaya, kasimama barazani na karatasi yangu mkononi. Badala ya kuniita pembeni kama muungwana, akamwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akamsomea yote niliyoandika, neno kwa neno, majirani wamejaa madirishani! Akasema Bwana Mkaguzi yuko uwanjani, anataka kumwona huyo mama aliyecheka.

Nikatazama chini. Bi Zuhura ni mtu ambaye tangu nimwoe bintiye sijapata kukaa naye mkeka mmoja. Akasema, "Mwanahamisi, niletee buibui langu."

"Mama, nisamehe," nikamwambia njiani, "nitamweleza bwana kwamba nilikosea."

"Umekwisha kuniandika, baba. Twende."

Nyuma yetu mtaa mzima. Hakuna aliyebaki kutazama nyumba.

Bwana Mkaguzi, mzungu mrefu mwenye kaptura, akalizunguka gari, akagonga boriti, akasema maneno, Petro akatafsiri: "Bwana anasema mama apande kama siku ile. Na wewe fundi upande naye, kama unaiamini kazi yako." Hayo ya mwisho mpaka leo nashuku ni ya Petro mwenyewe.

Kiti nilikipima kwa watoto wawili! Nikajibana upande mmoja hadi mbao zikaniingia mbavuni, goti langu lisiguse goti la mkwe, vijana wakavuta kamba, tukapanda, tukapanda, nikaona mapaa, nikaona minazi kwa juu, nikaanza kusoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Kamba ikaachiwa.

Kofia ilikwenda zake. Sauti iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu, nasikia nilisema "Mama nakufa!" (wengine wanasema nilisema mara tisa, waongo, hazizidi nne), na mikono ikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni Bi Zuhura, nikaficha uso ndani ya buibui lake kilima cha pili na cha tatu chote. Yeye kakaa wima kama yuko arusini, mikono mapajani.

Gari likasimama. Mimi bado nimeng'ang'ania. Ndipo nikasikia sauti yake, taratibu kabisa: "Baba, tumefika."

Uwanja ulilala kwa kicheko. Mke wangu mwenyewe alikaa chini mchangani, hajiwezi. Bwana Mkaguzi akauliza kupitia Petro kama kweli mama alipata kupanda kabla ya leo.

"Mwambie nimefunga, sisemi uongo," akajibu Bi Zuhura. "Leo ndiyo mara ya kwanza. Lakini gari ni zima. Mbovu ni fundi."

Kibali kikatiwa sahihi pale pale, juu ya goti la mzungu, na chini wakaongeza sharti kwamba mwenye gari asipande. Mimi! Niliyelibuni! Siku ya Idd watu walijaa hadi barabarani, wala hakuna aliyesema gari la vilima, wote wanasema gari la mkwe, na watoto wakiporomoka wanapiga kelele "Mama nakufa!" kwa makusudi. Nilimpelekea Bi Zuhura doti ya kanga kumwomba radhi, akaipokea, akaivaa siku hiyo hiyo, akaja na mashoga zake akapanda mara tatu.

Tangu hapo sijaandika jina la mkwe kwenye karatasi yoyote, wala sitaandika mpaka naingia kaburini. Nanyi mnaocheka, nendeni kwanza mkapande na wakwe zenu, goti kwa goti, halafu mje tuzungumze.